Bafu la Mama na Inchi Mbili za Mshono

9 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kwanza, mabomba baadaye. Sisi hatujambo. Wifi yako ana kikohozi kisichotaka kuaga, cherehani kubwa imekata mkanda nimeufunga kwa kamba ya kiatu, na watoto wanauliza kama kweli shangazi yao anafanya kazi kwenye duka lenye vyoo mia moja ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvitumia. Nimewaambia ni kweli. Sasa wanataka kuja huko likizo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ya Mama. Tangu atoke hospitali analala kwenye chumba changu cha kushonea, kitanda kimebanwa kati ya cherehani na nguo za wateja, na simu ikilia anaipokea yeye. Ukisema "nipe Kaka," anajibu "sema tu, nitamfikishia." Mambo mengine hayafikishwi hivyo.

Nyonga imeunga. Anatembea kwa fimbo, na fimbo hiyo hiyo anaitumia kuwanyooshea wateja kuwaambia suruali zao zinabana. Daktari amesema anaweza kurudi kwake, akaishi peke yake kama zamani, kwa sharti moja: lile bafu lijengwe upya. Hodhi la zamani lina ukingo wa kufika magotini, na ndilo lililomwangusha mwezi wa kwanza akiwa anatoka. Mpaka hapo ataogea kwenye karai hapa kwangu, wifi yako akimsugua mgongo. Unamjua Mama. Alhamisi aliniambia: "Nimezaa, nimezika mume, nimejenga nyumba kwa mikono hii. Sitakufa nikisuguliwa kama sufuria." Kila asubuhi anaamka na swali moja, "Bafu langu limefika wapi?" na Ijumaa anafunga begi lake, Jumapili jioni analifungua.

Siku ile ya kuanguka tumeshaizungumza, sina la kuongeza. Jirani aliona maji yanatoka chini ya mlango saa nane mchana, akaingia. Basi.

Spana, fundi bomba wetu, yule anayeweka penseli sikioni halafu anaitafuta nyumba nzima, ameshang'oa hodhi na kubomoa vigae. Anasema tumchagulie hodhi jipya, shawa na mabomba yake, ila vipatane, maana yeye si mpatanishi wa ndoa. Wewe ndiye mtunza stoo wa vitu hivyo. Nafasi kutoka ukuta hadi ukuta nimeipima mwenyewe kwa futi yangu ya kazini: inchi sitini na mbili. Tangi la maji liko juu ya paa la jiko, si juu sana.

Harakisha, nakuomba. Nyumba yangu ina wanawake wawili na karai moja.

Kaka yako.


30 Machi

Kaka, shikamoo.

Mpe Mama shikamoo yake pia, na wifi mpe tangawizi. Mimi ni mzima. Chumba changu kipya kiko juu ya kinyozi, kwa hiyo mashine ndiyo inayoniamsha. Stoo tunahesabu mali mwezi mzima, kila skrubu, na bosi amenikatalia ruhusa. Ningekuja. Sijui kwa nini naandika "ningekuja" kama mtu aliyeulizwa.

Sasa sikiliza, Bwana Futi, nikupe somo. Vifaa vya bafu vina ukoo. Hodhi, shawa na miksa, yaani bomba linalochanganya maji ya moto na baridi, ukivinunua kwa uzuri wa macho, kila kimoja kutoka kwa mtengenezaji wake, vitafika hapo vigombane: nyuzi za kufungia bomba hazishikani, kiungo kinavuja, mdomo wa bomba ni mfupi maji yanamwagika ukingoni badala ya kuingia ndani. Nimeona watu wakirudi dukani na machozi na kipande cha ukuta mkononi. Kwa hiyo nachukua vyote vya kiwanda kimoja.

Hodhi nimechagua la chini, ukingo wake mpana kiasi cha kukalia. Mama atakaa kwanza, ataingiza mguu mmoja, halafu wa pili, bila haraka. Shawa kubwa ya kama mvua, ambayo najua wifi ataitamani, nimeikataa: tangi lenu liko chini, maji yangedondoka kama yanadaiwa. Nimechukua ya kushika mkononi, yenye mpira mrefu, ajimwagie akiwa ameketi. Miksa ni ile ya kubandika juu ya ukuta, si ya kuzikwa ndani. Ikiharibika Spana anaifungua bila kuvunja kigae. Ina kitufe: kikiwa chini maji yanatoka kwenye mdomo kujaza hodhi, ukikivuta yanapanda kwenye shawa. Na mwambie Spana ile fimbo ya kutundikia shawa si ya kushikilia. Ikishikwa na mtu anayeteleza inang'oka naye. Nitatuma chuma cha kushikilia peke yake, cha kufungwa kwa skrubu ndefu.

Hodhi la inchi sitini na mbili limenisumbua. Watu wote duniani wana sitini, nyinyi mna sitini na mbili! Nimelipata stoo ya tatu. Linakuja na gari la mizigo, mengine yatafuata.

Kaka, jambo moja. Jirani aliponipigia siku ile alisema alikuta mkate mezani, bado uko kwenye karatasi yake. Mkate wa asubuhi unampelekea wewe. Ulipita saa ngapi?

Mdogo wako.


28 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Tangawizi imefanya kazi, sasa kikohozi kimehamia kwangu. Mtoto wa kwanza amekuwa wa tatu darasani na anatembea kama amechaguliwa kuwa waziri.

Hodhi limefika. Zuri, jeupe, linang'aa, na haliingii.

Cheka kwanza halafu usome. Tulilibeba watu wanne mpaka bafuni, Spana akalitega huku, tukaligeuza kule, tukalisimamisha wima kama mtu aliyekamatwa. Haliingii. Spana akatoa futi yake ya chuma akapima ukuta hadi ukuta, akaniangalia. "Mzee, hii ni sitini." Nikamwambia haiwezekani, nimepima kwa mkono wangu. Akanipa futi. Sitini kweli. Nikasimama pale kama mjinga, halafu nikaelewa, na nikatamani nilale ndani ya hilo hodhi wanifunike.

Niliacha ya mshono.

Miaka thelathini na moja napima watu, na kila kipimo ninachoandika naongeza inchi moja huku na inchi moja kule, ili nguo ipate pa kushonewa. Mkono unaandika wenyewe, siuulizi. Niliupima ukuta wa Mama kama kiuno cha mteja. Spana amecheka mpaka penseli imeanguka. Mtaa mzima unajua. Jana mteja kaniuliza kama bafu litakuwa na mifuko.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa na begi mapajani tangu asubuhi, maana nilimwambia leo hodhi linaingia. Nilipomweleza akasema, "Kwa hiyo bado." Akaenda kitandani akalala akiangalia ukuta.

Hodhi nalirudisha kwa gari lile lile. Nitumie la sitini kama watu wote duniani.

Kaka yako, aliyeaibika.


20 Mei

Kaka, shikamoo, na pole na mifuko ya bafu.

Nimesoma barua yako stoo kwa sauti, samahani, sikuweza kujizuia. Sasa wenzangu wote wakipima rafu wanaulizana, "Umeacha ya mshono?" Umekuwa maarufu katika mji ambao hujawahi kuukanyaga.

Hodhi la sitini limeondoka jana. Pamoja nalo sanduku la miksa, shawa, mpira na chuma cha kushikilia, vyote ukoo mmoja. Nimelifunga sanduku mwenyewe. Ndani kuna kimfuko cha nailoni chenye viungo viwili vilivyopinda kidogo. Msivitupe mkidhani vimeharibika, vimepindwa makusudi: Spana akivizungusha, miksa inasogea kidogo kulia au kushoto, ili ikutane na mabomba ya ukutani hata kama hayakukaa sawasawa. Hakuna tena cha kupima. Hata wewe huwezi kukosea.

Nilimpigia Mama Jumapili. Alisema tu, "Mwambie ndugu yako mimi si nguo ya mteja asiyekuja kuichukua." Sauti yake imekuwa ndogo, Kaka. Sikuipenda. Baada ya simu nilitembea mpaka stendi na kurudi, bila shughuli yoyote huko.

Hukunijibu la mkate. Labda lilisahaulika katikati ya kicheko.

Kitinda.


25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo kwa ujumla. Mkanda mpya wa cherehani umepatikana. Mvua zimenyesha vibaya, chumba cha kushonea kinavuja kona moja, na Mama amehamishia kitanda chini ya sare za shule.

Hodhi limekaa vizuri, Spana amelisimika, limeenea mpaka kidole hakipiti. Lakini miksa haifai. Nasikitika kukusumbua. Mabomba ya ukutani, la moto na la baridi, yameachana sentimita kumi na nne, na miksa yako inataka kumi na tano. Tumejaribu kila namna, imekataa katakata. Halafu mdomo wake naona mfupi. Halafu rangi, ukiiangalia kwenye mwanga wa dirisha, haifanani na ya chuma cha kushikilia, na wewe ulisema ukoo mmoja. Nimeona ni bora nikurudishie sanduku uchague nyingine kwa utulivu. Bafu ni la maisha. Haraka haraka haina baraka.

Nimemwambia Spana aende kwenye kazi zake nyingine kwanza.

Mama simwelewi siku hizi. Juzi alifika getini peke yake na fimbo na begi. Nikamuuliza anaenda wapi, akasema kwake. Nikamwambia hakuna bomba la kuogea kule. Akasema, "Kuna nini basi kule, miezi yote hii?" Nikamshika mkono, akautoa mkono wake. Wifi yako naye amekasirika, anasema namfunga mtu mzima. Mimi silali vizuri. Nakata vitambaa vibaya, nimeharibu suti ya bwana mmoja mkorofi, nimemshonea nyingine.

Chagua taratibu. Hakuna haraka.

Kaka.


12 Julai

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima hapa. Sina habari nyingine.

Sanduku limefika. Nililifunga mwezi wa tano kwa tepu nyekundu ya stoo, mizunguko mitatu, na juu yake nikachora alama yangu, kama ninavyochora kwenye kila mzigo unaotoka. Limerudi na tepu nyekundu, mizunguko mitatu, na alama yangu. Hukulifungua.

Hamkujaribu kila namna. Hamkujaribu hata namna moja. Hujui mdomo wake ni mfupi, maana hujauona. Hujui rangi yake. Na hiyo sentimita moja unayolia nayo ndiyo kazi ya vile viungo vilivyopinda, nilikuandikia, na Spana anavijua tangu hujajifunza kutunga uzi. Nimempigia. Anasema kazi ilibaki ya siku moja na nusu, wewe ndiye uliyemwambia asubiri. Anasema, "Kaka yako anakuja pale bafuni, anasimama mlangoni, haingii, halafu anaondoka."

Nilidhani hutaki Mama aondoke kwako. Halafu nikadhani wifi ndiye hataki. Sasa sidhani kitu. Nakuuliza tu.

Unaogopa nini kwenye lile bafu?

Kitinda.


2 Septemba

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua hii mara nne, na karatasi tatu nimezikatia ruwaza za kola.

Hatujambo. Mama hajambo, anakula, hasemi sana.

Umeninasa, na nashukuru ni wewe. Kosa la hodhi lilikuwa kosa kweli, naapa, la mkono wangu mjinga. Lakini siku ile tuliporudi nyumbani bila hodhi kuingia, niliona kitu ndani yangu ambacho sikukipenda: nilipumua. Usiku ule nililala kama mtoto. Kwa hiyo la pili halikuwa kosa. Nilikuwa nimeshajua jinsi ya kukosea.

Uliuliza mkate. Nilipita saa mbili na robo. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu, nikabisha, nikaingia sebuleni. Nikasikia maji bafuni. Nikakohoa, kama Baba alivyotufundisha, ili aliye ndani ajue kuna mtu. Hakujibu. Nikafikiri hajasikia kwa sababu ya maji. Na unajua Baba alisemaje: mtoto wa kiume hakai karibu na mlango mama yake akioga. Nikaweka mkate mezani. Nikatoka. Mlango niliufunga taratibu, Kitinda, ili nisimsumbue.

Alikuwa sakafuni. Alikuwa sakafuni na maji yanamwagika, na mimi nimesimama hatua sita kutoka alipo, nimevaa viatu, nina nguvu zangu zote. Nikaenda kushona mapazia. Saa nane jirani ndiye aliyeingia. Jirani hakuona haya.

Sijamwambia mtu. Wifi yako hajui. Mama hajawahi kuniuliza habari za mkate, na kila asiponiuliza naona anajua, halafu naona hajui, na sijui lipi baya zaidi. Bafu likiisha atarudi kule peke yake, atafungua maji, na mimi nitapita asubuhi na mkate. Nitasikia maji. Nifanye nini? Niambie wewe, unayejua kinachopatana na kisichopatana. Nisimame? Niondoke? Nimeona bora lisiishe. Nimeona bora anichukie kwa uvivu.

Sasa na mimi nikuulize. Mwezi wa kwanza ameanguka. Huu ni wa tisa. Umetuma mahodhi mawili, miksa, shawa na chuma. Wewe mwenyewe hujaja. Mali ya stoo huhesabiwa mwezi mmoja.

Kaka yako.


19 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ndani ya hodhi. Usicheke, ni lile la inchi sitini na mbili, bado liko stoo, hakuna anayelitaka. Saa ya chakula niliingia humo nikajilaza na viatu vyangu, nikalia, na mpanga rafu alikuja akaniona, akaondoka zake. Kila mtu anaheshimu watu walio ndani ya mahodhi, naona.

Sitakuambia huna kosa. Ukiambiwa hivyo hutaamini, na utaniona nakubembeleza kama mteja. Ulifanya ulichofundishwa, na kikawa kibaya. Yote mawili ni kweli na hayapatani, na sina kiungo cha kuyaunganisha.

Mimi: niliomba ruhusa mara moja tu, mwezi wa tatu, nikakataliwa, na nikafurahi kukataliwa. Ndiyo hivyo. Nina picha ya Mama akipandisha ndoo mbili ngazini bila kumwaga tone, na sikutaka kuja kubadilishiwa picha. Nimekuwa nikituma vyuma ili vije badala yangu. Nilikunasa wewe kwa tepu nyekundu, kumbe na mimi nilijifunga.

Nimepata siku nane kuanzia tarehe 10 ya mwezi ujao. Nakuja na sanduku hilo hilo, nitalibeba mapajani. Mwite Spana. Lakini kuna jambo sitakufanyia. La mkate utamwambia Mama wewe, kwa mdomo wako. Usimwache arudi kuoga kule huku wewe unalijua hilo na yeye halijui. Akikufukuza, atakuwa amemfukuza mtu wa kweli.

Na usikate barua hii ruwaza.

Kitinda.


6 Novemba

Mdogo wangu Kitinda,

Natumaini ulifika salama na mashine ya kinyozi haikukuamsha vibaya. Watoto bado wanalala na zile kofia ulizowaletea. Wifi yako anasema ukija tena uje na siku thelathini. Spana amepata penseli aliyoipoteza: ilikuwa ndani ya hodhi, uliikalia siku ya pili nzima.

Najua ulivyoniangalia kituoni. Siku nane ulikuwa hapa na sikumwambia. Ulimwona Mama akicheka ulipovuta kile kitufe na maji yakapanda kwenye shawa yakakulowesha kichwa, na mimi nikaona siwezi kuharibu siku hiyo. Kila siku ilikuwa siku hiyo. Uliondoka hujasema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu tulimrudisha kwake. Begi alilibeba mwenyewe. Jumanne asubuhi nikanunua mkate.

Nilifika saa mbili na robo, sikupanga, miguu ndiyo inajua saa. Mlango umerudishiwa. Nikaingia sebuleni, na maji yalikuwa yanatoka. Kitinda, nilikohoa. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshakohoa, nimeshaweka mkate mezani na nimeshageuka, mkono uko kwenye kitasa.

Nikasikia, "Umekwenda wapi?"

Nikasema, "Niko hapa, Mama."

"Basi kaa."

Nikavuta kigoda mpaka kwenye mlango wa bafu, nikakaa nimeupa mgongo. Maji yalikuwa yanapiga ukingo wa hodhi polepole, alikuwa ameketi. Nilijua nisiposema wakati huo, na mlango uko katikati yetu, sitasema tena. Nikamwambia. Nikamwambia saa, nikamwambia kikohozi, nikamwambia jinsi nilivyofunga mlango taratibu. Niliyasema yote kwa haraka, nikaishiwa.

Maji yakaendelea. Halafu akasema, "Nilikusikia."

Nikageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Nilikusikia ukibisha. Nilisikia karatasi ya mkate. Nilikuwa macho, na mdomo ulikuwa mzima."

"Mbona hukuniita?"

"Sikuwa na nguo, mwanangu. Nikasema asinione hivi. Nikabana pumzi mpaka ukaondoka, ndipo nikaanza kulia."

Kitinda, miezi tisa mimi nilikuwa namficha na yeye ananificha. Alikuwa anafunga begi na kulifungua, akiniona nakonda, akidhani nimejua kwamba alichagua sakafu kuliko mimi. Alisema hilo ndilo alilotaka lisijulikane. Nililia pale kwenye kigoda, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na yeye ndani alikuwa analia pia, nilimsikia, ingawa alifungulia maji zaidi ili nisimsikie.

Halafu akagonga kile chuma cha kushikilia kwa pete yake, mara tatu, na sauti ikawa ile yake ya zamani. "Sikiliza. Nikiteleza nitakuita, nina nguo au sina. Na wewe nikikuita utaingia. Baba yenu na kikohozi chake watatusamehe."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Sasa niache nioge. Miksa hii ya mdogo wako ni nzuri, maji hayabadiliki."

Nilikuwa na shati la mteja kwenye mfuko wangu wa kazi. Nikalitoa, nikatunga sindano, nikakaa pale nikashona vifungo mpaka maji yakafungwa, na yalichukua muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji. Nilipofika nyumbani nikaona vifungo vyote sita nimevishona upande wa matundu. Nitavifumua kesho, nikishampelekea Mama mkate.

Kaka yako.